Tundu la ufunguo lililofika Kintinku

Na Amosi Chilewa

Wiki iliyopita nilikaa benchi moja na kijana mpima ardhi, hatua chache kutoka stesheni ya Kintinku. Alikuwa na kompyuta mpakato mapajani, anachora mipaka ya majaruba ya mpunga juu ya picha ya setilaiti. Reli ya kati ilionekana kama uzi, na kule magharibi ukuta wa Bonde la Ufa ukipanda kuelekea Saranda na Manyoni. Alipomaliza, akahifadhi kazi yake kwenye faili linaloishia na herufi tatu: kml. Nikamuuliza hiyo K ni ya nini. Anaitumia kila siku, lakini hakuwa amewahi kuulizwa.

Ni K ya Keyhole, yaani tundu la ufunguo. Hilo lilikuwa jina la kampuni changa ya California, iliyojiita kwa kukumbuka setilaiti za kijasusi za Marekani zenye jina hilohilo. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilipata fedha kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji ulioanzishwa mwaka 1999 kwa msukumo wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 2004 Google wakainunua, na mwaka 2005 dunia nzima ikapewa Google Earth bila malipo. Teknolojia iliyozaa faili la yule kijana ilipitia kwenye fedha za majasusi kabla ya kumfikia.

Siwalaumu Wamarekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliona wabunifu wa kampuni binafsi wameziacha mbali maabara za serikali, wakaamua kuwafuata kwa mtaji. In-Q-Tel haitafuti faida kama wawekezaji wengine. Inaweka fedha kiasi, kisha inakaa karibu na wabunifu ili kinachotengenezwa kiifae CIA. Ndivyo ilivyosaidia pia Palantir, kampuni ya kuchambua data iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo leo ni kubwa mno. Israel wakafuata mwaka 2017 kwa mfuko wa idara yao ya ujasusi, Mossad, uitwao Libertad, na Uingereza mwaka 2018 wakawa na mfuko wao wa usalama wa taifa.

Sasa angalia mitaji ya namna hii inavyotufikia. Februari 2019 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza mkataba wa miaka mitano na Palantir wenye thamani ya dola milioni 45. Wakati huo WFP ndilo lililokuwa likiwalisha wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta kule Kigoma. Watetezi wa faragha walipiga kelele, na shirika likaeleza kwamba Palantir haitagusa taarifa binafsi za wanaopewa msaada. Nalipokea jibu hilo. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba swali lilikuja baada ya mkataba kutangazwa. Mama anayepanga foleni Nyarugusu hakuulizwa kitu.

Vyombo vyetu vya ulinzi vilikwenda kwa njia nyingine. Jeshi lina kituo cha magari cha Nyumbu pale Kibaha na shirika la risasi la Mzinga kule Morogoro, mali ya umma inayojulikana ni ya nani. Kwenye programu za simu hatujui hivyo, na huko ndiko maisha yetu yamehamia. Tuliweka vidole kusajili laini kabla ya 20 Januari 2020. Tangu mwaka 2022 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku anasajiliwa kidijitali: jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Kesho atakuja mwingine na programu ya kupima unyevu wa udongo, na keshokutwa mwingine na mkopo wa mbegu. Wengi watakuwa watu wema. Lakini mwenye hisa ana kiti kwenye kikao ambacho mkulima wa Kintinku hana, na kama mwenye hisa huyo ni idara ya ujasusi ya nchi nyingine, tuna haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa jina hata moja.

Msingi wa kudai tunao. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Naiomba Tume hiyo, pamoja na wanaosimamia ununuzi wa umma, waongeze sharti moja: kampuni yoyote inayotaka kukusanya taarifa za wananchi ieleze kwa maandishi nani ameweka mtaji ndani yake, tangu shilingi ya kwanza.

Na ninyi wenzangu wa Kintinku, Maweni, Chikuyu na Makutupora, msisubiri Dodoma. Mgeni akija na programu yake kwenye mkutano mkuu wa kijiji, aulizwe nani aliyemlipia, na jibu lake mtendaji aliandike kwenye muhtasari kabla mtu yeyote hajataja namba yake ya simu.