Garissa Isingoje Kivuli cha Mabati

Ni jambo lisilofichika kwamba nyumba nyingi za Iftin mjini Garissa zimeezekwa kwa mabati. Katika eneo ambalo joto hupita digrii 35 mara kwa mara, mabati hayo huigeuza nyumba kuwa tanuri. Anayeumia zaidi ni mzazi aliyejifungua juzi, mgonjwa asiyeweza kuhamia uani, na mwanafunzi anayesinzia darasani.

Wazee wa Kisomali hawakukosea walipojenga herio kwa fito na mikeka. Hewa iliyonaswa katika mikeka hiyo ilipunguza ukali wa jua. Kanuni iyo hiyo ndiyo msingi wa matofali mepesi. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, kisha hufyatuliwa matofali na kuchomwa. Makapi yakishateketea huacha vitundu vingi vyenye hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Tangu miaka ya 1980, jiko la Kenya lenye kikombe cha udongo ndani ya bati limewapunguzia wengi gharama ya makaa.

Malighafi nayo ipo. Udongo uko kandokando ya Mto Tana. Mathenge, mti ulioletwa nchini ili kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia malisho ya wafugaji, waweza kutoa unga wa mbao na kuni za tanuri. Hivyo hatutalazimika kukata migunga iliyosalia.

Wapo watakaouliza iwapo vitundu haviyadhoofishi matofali. Naam, huyadhoofisha, tena huyafanya yanywe maji. Mafuriko ya Tana ya 1997, 2018 na 2024 yametufunza kutopuuza jambo hilo. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, na matofali mepesi yatumiwe juu, yakipigwa lipu barabara. Wala kuta pekee hazitoshi: chini ya mabati sharti pawe na dari.

Vyuo vya ufundi vya vijijini vimekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kaunti ya Garissa na ianze kwa darasa moja la majaribio, joto lake lipimwe kando ya darasa la kawaida, na matokeo yatangazwe hadharani. Saruji husafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa, ilhali udongo tunaukanyaga kila siku. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.