Goma: Wanafunzi wa Lac Vert wakionyesha historia shuleni, waanzie wapi?

Katika nchi nyingi wanafunzi wameanza kufundisha historia kwa namna nyingine. Hawabandiki tena picha ukutani na kusimama pembeni. Wanageuza darasa liwe handaki la vita, kituo cha gari moshi au chumba cha mahakama. Mgeni anaingia, anasikia sauti, anashika vitu, kisha anatokea mlango wa pili akiwa amepita ndani ya mwaka fulani. Je, jambo kama hilo linawezekana Lac Vert, hapa magharibi mwa mji wa Goma? Na wanafunzi wake wangeonyesha nini?

Mimi nilisoma historia katika sekondari moja ya mji huu kwa kalamu na daftari. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Tulijua mkutano wa Berlin wa 1885, tulijua Leopold II, tulijua tarehe 30 Juni 1960. Kambi ya Mugunga, ambayo wengi wetu tulikuwa tunapita kando yake, hatukuifikia hata siku moja. Mwaka wa masomo uliisha kabla.

Lac Vert ni kartie ya komine ya Goma, na jina limetoka kwa lile ziwa dogo la kijani lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Kwa mtu asiyejua, ni ziwa, mawe meusi na nyumba za mbao. Lakini hapo karibu inapita barabara ya kwenda Sake, na nadhani maonyesho yote yangeweza kujengwa juu ya barabara hiyo peke yake.

Tuhesabu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka katika siku chache. Sehemu yao walitembea upande wa magharibi hadi Mugunga. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu, na watu walishindwa kuwazika kwa sababu ardhi ni lava na jembe haliingii. Wanajeshi wa jeshi la zamani la Rwanda waliweka kambi yao hapa Lac Vert, kando na raia. Novemba 1996 kambi zilivunjwa na AFDL pamoja na jeshi la Rwanda. Wengi walirudi mashariki kuelekea Gisenyi, wengine wakaendelea magharibi, Masisi na misitu ya Walikale, na wengi kati ya hao hawakurudi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye wakuu wa jimbo wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Safari hii waliojaa barabarani, godoro kichwani, walikuwa watu wa Goma wenyewe, wakikimbilia Sake. Februari 2024 mwendo uligeuka: watu wa Sake na Masisi walikimbia mapigano na kuja upande wetu, wakajenga vibanda vya bashi Bulengo, Mugunga na Lac Vert. Februari 2025, baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari, kambi zilifungwa na watu wakachukua njia ileile kurudi walikotoka.

Barabara moja, na kila mara watu wanabadilisha upande. Mwanafunzi anaweza kuichora kwa chokaa katika uwanja wa shule, kutoka ukuta hadi ukuta. Mgeni anapewa bidoni tupu na kuambiwa mwaka wake ni upi. Mwaka ndio unaamua atembee kuelekea wapi. Gharama yake si kubwa, na vitu vinavyohitajika viko nyumbani kwa wanafunzi wenyewe.

Hapo ndipo kazi ya Lac Vert inakuwa tofauti na ya shule ya Ulaya. Kijana wa Ulaya anayejenga handaki la 1916 anatafuta kufahamu kitu ambacho hata babu yake hakukiona. Mwanafunzi wa darasa la sita sekondari hapa alizaliwa karibu na 2008. Mwaka 1994 hakuuona, lakini 2021 alikuwa barabarani, na 2024 huenda alikuwa ndani ya kibanda. Yeye ni shahidi. Kumzamisha tena ndani ya mambo hayo kwa sauti za bomu na moshi si elimu, ni kumtonesha. Kwa maoni yangu, mlio wa risasi usisikike kabisa katika maonyesho ya namna hiyo. Mchezo wa kumpa mtoto mmoja awe wa kabila hili na mwingine awe wa kabila lile, katika madarasa yetu yenye kila aina ya majina, prefe aukatae siku ya kwanza.

Kuna mfano wa karibu kuliko Ulaya. Kenya, tangu 2018, kikundi cha watu wa kujitolea kinachoitwa Museum of British Colonialism kimekuwa kikijenga upya kwa kompyuta kambi ambamo Waingereza waliwafunga watu wakati wa Mau Mau. Kambi mbili kati ya hizo, Aguthi na Mweru katika eneo la Nyeri, leo ni shule za sekondari. Watoto wanasoma mahali ambapo wazee wao walifungwa. Kilichosaidia Kenya ni kwamba majengo ya kudumu yalibaki. Kibanda cha bashi hakibaki. Mwaka mmoja baada ya kambi kufungwa, mvua, mashamba na viwanja vipya vinafuta kila kitu. Anayetaka kukusanya jetoni za chakula, mafungu ya kamba na maneno ya mama aliyeishi pale, akusanye sasa.

Shida kubwa iko kwenye karatasi ndogo ya maelezo. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert na kuua raia, wakiwemo watoto. Serikali ya Kinshasa ilishutumu M23 na jeshi la Rwanda. Wao walikana. Leo mji uko mikononi mwa AFC/M23. Mwalimu gani ataandika sentensi hiyo na kuibandika darasani? Wengi watachagua kumalizia kwenye volkano, kwa maana mlima hauna msemaji wala askari. Siwalaumu. Mwalimu ana watoto wa kulisha.

Lakini mwaka ukirukwa, mtoto anauona. Kuna njia ya katikati: kuandika kilichotokea, mahali na tarehe, kisha kuandika wazi kwamba pande hazikubaliani juu ya aliyefyatua. Hata ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inayohesabu matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, ilipingwa vikali na serikali zilizotajwa ndani yake. Ina kurasa zaidi ya 500. Sijawahi kuona kurasa zake hata tano katika shule ya hapa.

Kwa shule inayotaka kujaribu, ningeanza na tarehe 17 Januari. Nchi nzima hupumzika siku hiyo kwa ajili ya Lumumba, aliyeuawa 1961. Goma ina sababu yake ya pili: siku hiyohiyo mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kuacha watu zaidi ya 100 000 bila makao. Kila mwanafunzi amuulize mzee mmoja nyumbani: siku ile ulibeba nini? Hilo halimtishi mkuu yeyote. Majibu yakishajaa mezani, masufuria, Biblia, mashine ya kushonea, mtoto mgongoni, wanafunzi wenyewe watauliza kuhusu miaka mingine. Hapo mwalimu, prefe na komite ya wazazi watalazimika kukaa pamoja na kuamua barabara ya chokaa iishie mwaka gani.