Cheche za Kiangazi

Mama mmoja wa Mwendakulima, jirani na ulipokuwa mgodi wa Buzwagi huko Kahama, ametuletea barua yenye maswali matatu. Anaeleza kwamba tangu mwezi wa Juni mwanawe wa miaka minne hupigwa na kitu kila ashikapo kitasa cha mlango, na usiku blanketi likivutwa huonekana vimulimuli vya buluu vikialika. Mama mkwe ameshauri mganga aitwe, kwani nyumba imechezewa. Pili, friji yao nayo ‘inauma’. Tatu, baba watoto, ambaye ni dereva wa pikipiki ya abiria, huweka dumu la petroli nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Mama mkwe tunamheshimu, lakini fedha ya mganga na inunuliwe unga. Kinachomchoma mtoto huitwa umemetuli. Vitu viwili vikisuguana kisha vikaachana, kimoja hubaki na chembe za umeme zilizozidi na kingine hupungukiwa. Penye unyevu, ziada hiyo huponyoka polepole pasipo mtu kujua. Lakini katika uwanda wa Shinyanga, toka Juni hadi mvua za vuli, hewa hukauka kiasi cha kupasua midomo, na umeme hukosa njia. Hujikusanya mwilini mwa mtoto anayeteleza juu ya kiti cha plastiki au zulia la nailoni, na agusapo chuma huruka wote mara moja.

Cheche inayosikika kidoleni huwa na volti 3,000 hivi au zaidi, ilhali umeme wa nyumbani ni volti 230 tu. Msomaji atauliza mbona ile kubwa haiui. Sababu ni uchache wake: ni tone moja lidondokalo kutoka juu sana, wala si mto. Wayunani wa kale waliijua nguvu hii kwa kusugua kaharabu, na neno la umeme katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na jina la kaharabu kwa Kiyunani. Radi ndiyo kaka yake mkubwa, na huyo hana mzaha: mwezi Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita katika shule moja mkoani Geita.

Dawa ya cheche za nyumbani ni rahisi. Mtoto avikwe pamba, alale juu ya shuka la pamba, na blanketi la poliesta liwekwe juu ya shuka badala ya kugusa mwili. (Ni ajabu kwamba sisi tunaolima pamba ndio tunaojifunika poliesta ya mtumba.) Ngozi ipakwe mafuta, maana ngozi kavu huzidisha udhia. Beseni la maji au nguo mbichi chumbani hurudisha unyevu kidogo. Mtu mzima aweza kugusa kitasa kwanza kwa ufunguo alioushika barabara. Cheche itarukia ufunguo, na kidole hakitasikia kitu. Sakafu ya saruji ikipigwa deki, umeme huo hupata njia ya kushuka.

Lakini deki hiyo isipigwe kabla ya kuitazama friji, na hapa ndipo penye jambo zito katika barua hii. Umemetuli huuma mara moja, kisha basi. Ukigusa tena papo hapo husikii kitu mpaka usuguane upya. Tena haubagui: huuma kwenye kitasa, kwenye bomba, hata kwenye mkono wa jirani. Umeme unaovuja kutoka ndani ya friji huuma kila unapogusa, hutetemesha mkono muda wote uliopo pale, na huzidi mtu anapokuwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji. Hivyo maji yanayomponya mtoto na kitasa ndiyo yawezayo kumwua mbele ya friji.

Mama atuambia friji huuma zaidi asubuhi, wakati wa kupiga deki. Kwa dalili hiyo tunamsihi asiiguse tena kwa majaribio. Azime swichi kubwa ya nyumba kwanza, kisha avae viatu vikavu, achomoe plagi, na friji ikae hivyo hadi fundi mwenye leseni atakapoipima. Fundi akague pia waya wa ardhini. Nyumba nyingi zilizojengwa haraka wakati mgodi ulipokuwa ukistawi, baada ya uzalishaji kuanza mwaka 2009, zilipangishwa chumba kwa chumba na nyaya zikaongezwa kila alipoingia mpangaji. Mgodi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, lakini nyaya zile bado zimo ukutani. Mwenye nyumba akisita, wapangaji wamwendee kwa pamoja.

Limebaki dumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ulipo moto wa jiko au kibatari. Wala hauhitaji moto wa jiko: cheche dhaifu kuliko ile inayosikika kidoleni yatosha kuuwasha. Kumbe baba akivua sweta la nailoni chumbani huku kifuniko kimelegea, amekwisha kuwasha kiberiti. Dumu litoke leo, na petroli inunuliwe kwa kiasi cha tangi. Ikibidi kujaza dumu kituoni, liwekwe chini ardhini, lisijazwe likiwa limefungwa juu ya pikipiki, na mjazaji aguse chuma kwanza, mbali na mdomo wa dumu.

Wachimbaji wadogo wenye desturi ya kulaza baruti na fataki zake uvunguni nao wajue kwamba cheche hiyohiyo yaweza kulipua fataki ya umeme. Mahali pake ni stoo ya baruti iliyoruhusiwa kisheria, mbali na wanapolala watoto.