Kusomea Uinjinia Kenya: Shida si Bongo, ni Kila Msee Kupambana Solo

Ukiitwa campo kusomea uinjinia, mtaa mzima unajua. Mathe anaanza kukuita injinia kabla hujafungua hata kitabu. Ndiyo maana sapu ya kwanza ikikugonga, hiyo stori humwambii mtu. Hata roommate hajui.

Na hii safari ni ndefu. Digrii ni miaka 5, wakati mabeshte zako wa biashara wanavaa joho baada ya 4. Ukimaliza, bodi ya wahandisi, EBK, inakusajili kama mhitimu tu. Unahitaji angalau miaka 3 ya kazi ndiyo ufikirie kuitwa injinia kamili. Mathe alikupatia hilo jina mapema sana.

Wengi huumia mwaka wa kwanza. Msee aliyekuwa namba moja shuleni anajikuta darasa limejaa manamba moja. Hesabu zinaenda mbio, lec hangoji mtu. Anaona dawa ni kujifungia keja akeshe peke yake. Akianguka tena, anaamini yeye ndiye hatoshi.

Kuna mwalimu wa hesabu alichimba hii kitu kitambo. Miaka ya 1970, kule Berkeley, California, Uri Treisman alishangaa mbona wanafunzi weusi waliokuja na gredi kali walikuwa wanaanguka hesabu za mwaka wa kwanza. Walimu wenzake walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, familia hazijali. Treisman akafuatilia weusi 20 na Wachina 20, hadi huko walikoishi. Kumbe weusi walikuwa wanasoma sana, lakini kila mtu kivyake. Wachina walikuwa wanakutana jioni, wanasahihishana, wanaulizana. Ukikwama, unajua mara moja kama swali ni gumu kwa wote ama ni wewe umekosea njia.

Akaanzisha vikao vya mbogi. Na hakuwapa maswali rahisi ya kuwahurumia, aliwapa magumu kuliko ya darasani. Matokeo yakapanda.

Huku kwetu utaambiwa si kuna grupu ya WhatsApp. Tuseme ukweli, hiyo ni ya kutumiana picha za mitihani ya zamani na kuuliza kama lec amefika. Mbogi za ukweli zipo, lakini zinajipanga zenyewe, mara nyingi usiku kwa hosteli za wanaume. Sasa manzi aliye na wenzake watatu tu darasani aende wapi saa nne usiku? Na msee wa kukomyuti kutoka Kayole je? Hao wanaachwa nje bila mtu yeyote kuwafukuza.

Chuo kinaweza kutatua hii bila jengo jipya. Weka masaa mawili mchana kwa ratiba, darasa lililo wazi, na mwanafunzi wa mwaka wa nne alipwe kitu kidogo kuongoza. Yeye pia amesota akingoja HELB, hiyo doh itamfaa. Ofisi ya ushauri ibaki, lakini mtu aliyeficha sapu hadi kwa roommate hatapanda ngazi kwenda kujieleza kwa mgeni. Atamwambia yule aliyekaa naye wiki nane wakipigana na hesabu moja.

Kama campo yako tayari iko na kitu kama hiyo, tuambie inaendaje, na kama mamanzi wanafika.