Mazutu imepanda bei: Kirotshe tutatembea na nini?

Siku hizi, pale barabarani Kirotshe, mbele ya mtu kuuliza habari za nyumbani anauliza kwanza lita ni ngapi. Kadafi mwenye bidoni anataja bei, motari anatikisa kichwa, ananunua nusu lita, anaondoka. Kisha bei ile inapanda milima pamoja naye. Inafika Ngungu, inafika Rubaya, inaingia shimoni. Mama wa maharagi anaikuta sokoni. Mtoto ambaye hajapanda gari hata siku moja anaikuta ndani ya unga.

Tuweke neno moja sawa kwanza. Moto zetu nyingi zinakunywa esansi, si mazutu. Mazutu njo inaendesha Fuso, mashini za kusaga, gurupu za umeme na pompe kubwa za chimbo. Lakini bei hizo mbili ni kama ndugu wa tumbo moja: moja ikipanda, nyingine haikawii. Na unga, chumvi na majembe yanafika kwa Fuso.

Dawa tunazosikia ni tatu. Mmoja anasema gesi ya ziwa itachukua fasi ya mazutu. Mwingine ameona kwa simu moto za umeme za Kigali. Wa tatu anaapa kwamba mafuta ya mawese yanaweza kuingia katika motere. Hakuna anayesema uongo. Lakini tukizipima dawa hizo kwa maisha ya hapa, tunaona kwamba gari njo litakuwa la mwisho kubadilika. Mazutu ya kwanza tunayoweza kuondoa ni ile inayochomwa na mashini zilizosimama fasi moja: pompe na kinu.

Bei inatoka mbali. Mazutu ya Kivu inashuka melini Mombasa ao Dar es Salaam. Ile ya Mombasa, mpaka ifike Goma, imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,500. Vita ikitokea mbali, sisi tunalipa. Mwezi wa pili 2022 Urusi iliingia Ukraine, na mwezi uliofuata pipa la petroli lilipita dola 120. Tarehe 13 mwezi wa sita mwaka uleule, Bunagana ikaanguka mikononi mwa M23, na malori yakatafuta mipaka mingine. Wizara ya Uchumi inapanga bei rasmi kwa kila kanda ya inchi, ni kweli. Lakini bei rasmi inaishia kwa stesheni. Huku kwetu inaongezeka bidoni kwa bidoni, na kila bariere inachukua yake. Watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu mbili, katika ripoti waliyotoa 2017. Fuso haipiti bure, na pesa ile shofere haitoi mfukoni mwake.

Sasa gesi. Hapa watu wa Kirotshe tuna sababu ya kusikiliza vizuri, juu tunalala kando yake. Ndani ya Ziwa Kivu kuna karibu metre kibe bilioni 60 za metani, na bilioni 300 hivi za gesi kabonika. Ni gesi mbili tofauti, na mara nyingi watu wanazichanganya. Metani inawaka moto. Kabonika haiwaki, hiyo njo mazuku, ile inayolala katika mabonde kati ya Goma na Sake na kuua mbuzi, wakati mwingine mtoto aliyetumwa kuchota maji asubuhi. Kule Kameruni, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitapika kabonika usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Na kumbe Ghuba ya Kabuno, hii iliyo mlangoni petu, imejaa zaidi ile isiyowaka. Metani nyingi iko mbali zaidi, katika ziwa kuu, chini sana. Kiwanda cha KivuWatt, pale Karongi ng'ambo ya Rwanda, kinavuta maji kutoka metre 350 hivi, kinatenga gesi, kinatoa megawati 26 za umeme tangu mwisho wa 2015. Mbele yake, kiwanda cha pombe cha Gisenyi kilichoma metani ya ziwa tangu 1963. Kwa hiyo kazi hiyo inawezekana. Upande wetu, serikali ilitangaza zabuni ya maeneo matatu ya gesi mwezi wa saba 2022, Makelele, Idjwi na Lwandjofu, na mwanzo wa 2023 ikataja kampuni zilizoshinda. Toka kutaja jina la kampuni mpaka kuwasha taa kuna safari ndefu. Vita imeirefusha tena.

Hata gesi ikitoka leo, haiingii tu katika gari. Watanzania wanajua hilo. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba 2004, na leo bajaji, taksi na malori mengi kule yanatembea nayo. Wenye gari wanapata nafuu kubwa kuliko esansi. Lakini tazameni walichohitaji: bomba, stesheni yenye mashini ya kukandamiza gesi, mtungi mzito wa chuma ndani ya kila gari, na fundi aliyesoma kazi ile. Na bado wanapanga foleni masaa mengi. Anayewaambia mwaka huu mnunue gari ya gesi ya ziwa, mwulizeni kwanza stesheni iko wapi.

Mawese nayo ina hadithi, na hiyo ni yetu kabisa. Mwaka 1937 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Bruxelles, Chavanne, alipewa hati ya uvumbuzi kwa namna ya kugeuza mafuta ya mimea, hasa mawese ya Kongo, kuwa mafuta ya motere za mazutu. Mwaka uliofuata basi moja ilitembea nayo kati ya Bruxelles na Leuven. Wataalamu wengi wanasema hapo njo biodizeli ilianzia. Basi, anayesema mawese inaendesha Fuso hajaota.

Lakini mawese ya Chavanne ilipikwa kwanza na alkoli na dawa, ikawa nyepesi. Ile inayoshuka kutoka Walikale katika bidoni ya njano ni nyingine. Asubuhi baridi ya Masisi inaganda, inaziba chujio, inaacha gundi kwa pompe ya sindano. Fundi wa motere atakula pesa kuliko mazutu uliyookoa. Na kuna sababu nyingine: mawese ile njo tunapikia sombe. Siku gari na sufuria vitakapogombania bidoni moja, tunajua nani atashindwa. Kule Kisarawe, Tanzania, vijiji vilitoa zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni iliyotaka kulima mbono ya kutengeneza mafuta ya gari. Mwaka 2011 mradi ulikuwa umekufa, na watu wakabaki wanadai udongo wao. Masisi hii, ambako shamba njo mzizi wa ugomvi, tusikaribishe hadithi ile.

Moto za umeme tunazipenda zaidi. Kigali zilianza 2019. Motari anafika, anaacha batri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, dakika mbili tatu anaondoka. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Rwanda haiandikishi tena moto mpya za esansi kwa kazi ya taksi ndani ya Kigali. Goma nayo ina umeme wa maji wa Virunga kutoka Matebe, na jua la Nuru tangu 2020. Kwa motari wa Goma hesabu inaweza kukubali. Kwa motari anayepakia magunia mawili na mtu juu, apande matope mpaka Rubaya halafu arudi, batri itamwacha njiani. Na akifika hapa, ataijaza kwa nini? Akiijaza kwa gurupu ya mazutu, ametuzungusha tu.

Ndiyo maana tunarudi kwa mashini zisizotembea.

Wakrezeri wanajua hii: pompe iliyo juu ya shimo inavuta maji kutoka metre saba hivi, haizidi. Kwa mwinuko wa Rubaya hata saba ni shida. Si ubaya wa pompe. Ni uzito wa hewa njo unaosukuma maji, na huku juu hewa ni nyepesi. Shimo likishuka zaidi, watu wanafanya nini? Wanateremsha pompe pamoja na motere yake. Hapo njo tunazika vijana. Moshi wa motere ndani ya shimo una gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi. Mtu anasikia usingizi, miguu inalegea, mwenzake anashuka kumtoa, naye halali mbali. Na bei ikipanda, watu wanachanganya esansi na petroli ya taa ili ifike mbali. Motere inachoma vibaya, moshi unaongezeka.

Ipo pompe ya umeme inayozama yenyewe majini na kusukuma maji kutoka chini. Motere inabaki nje, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unatoka shimoni kwenda kwake. Waya tu na mpira njo vinashuka. Gurupu ndogo inaiendesha, na mchana, pale maji si mengi, sahani za jua zinaweza kuiendesha bila tone la mazutu. Inagharimu, hatukatai. Lakini tofauti na gari ya gesi, haingoji bomba wala stesheni.

Kinu vilevile. Milima yetu ina mito inayoshuka mwaka mzima, na kusaga mihogo na mahindi hakuhitaji kiwanda kikubwa. Mto mdogo wenye maporomoko mazuri unatosha mashini moja ya kijiji. Mama anayelipa kusaga kila siku atasikia faida ile mbele ya motari yeyote.

Na gari? Gari litabaki na mazutu bado, kwa hiyo tusumbukie barabara. Chukua mfano: Fuso inayokula lita 40 kwa safari ya kiangazi, ikilala matopeni na kukwaruza inaweza kula 80. Bei ya lita haikuguswa, lakini safari imekuwa mara mbili. Hakuna mafuta mapya yanayoshinda mfereji uliozibuliwa mbele ya mvua. Wazee wetu wa chukudu walielewa hesabu hii zamani: mti wa mkaratusi, magurudumu mawili, na mteremko unakupa mwendo bure mpaka chini. Goma waliwajengea sanamu. Shida ni kupanda tu.

Maji nayo ni barabara. Mwezi wa pili 2024, vita ilipokata njia ya Sake na Shasha, mzigo mwingi wa Minova ulipita ziwani. Boti inabeba tani kwa mafuta machache kuliko lori. Lakini tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka ule, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku ikiwa imepakia kupita kiasi, na vilio vile bado viko masikioni. Nafuu ya mafuta isitafutwe kwa kujaza watu.

Limebaki jambo moja ambalo familia za wakrezeri zinatuuliza kuliko yote: nani analipa bei mpya? Mara nyingi PDG wa shimo ao negosia anatanguliza chakula na mafuta, kisha anakata kwanza mbele ya kugawa. Tufanye mfano. Pompe inakula lita 10 kwa siku, siku 25, ni lita 250. Bei ikipanda franga 500 kwa lita, mzigo mpya ni franga 125,000. Wakiwa wakrezeri kumi, ni 12,500 kila mtu. Mama akiona mume amerudi na pungufu ya hiyo, anaweza kuelewa. Lakini pungufu ikiwa mara tatu, hapo si Ukraine tena, wala si Mombasa. Na PDG aliyepandisha makato siku ya bei kupanda, je, alishusha siku ile ilipoteremka?

Kuna mashimo ambayo mkrezeri mmoja anaandika lita kila asubuhi katika daftari, mbele ya bidoni kufunguliwa, na mtu wa PDG anatia sahihi pembeni. Daftari ni franga mia chache. Mashimo mengine bado yanahesabu kwa kichwa, na kichwa kile ni cha mwenye bidoni.