Chema Chajiuza Kikiwa Sokoni: Mwanafunzi wa Kiswahili na Siku ya Ajira

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina wapenzi wengi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya, na aghalabu hutumiwa kuhalalisha mwenendo mmoja wenye hasara: kuipa kisogo Siku ya Ajira. Siku hiyo inapowadia, mahema husimamishwa uwanjani. Mabenki, kampuni za bima na za simu, mashirika yasiyo ya kiserikali na idara za serikali hupanga meza zao. Wanafunzi wa uhandisi, uhasibu na sayansi ya tarakilishi hufika mapema, baadhi yao wakiwa katika suti za kuazima. Mwanafunzi wa Kiswahili naye hupita kando ya mahema hayo, vitabu kwapani, akielekea maktabani. Akiulizwa kwa nini haingii, hutoa jibu lenye ncha mbili: kwamba humo hamna lake, na kwamba hata kama lingalikuwamo, kazi katika nchi hii hupatikana kwa kujuana.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ncha zote mbili za jibu hilo zina chembe ya ukweli, ila zikiachwa bila kupimwa humgharimu mwanafunzi pakubwa. Chema chajiuza, naam. Lakini chajiuza kikiwa sokoni. Embe lililoiva vizuri kuliko yote, likifungiwa ghalani, huoza bila mnunuzi kujua kuwa liliwahi kuwapo.

Je, Humo Hamna Lake?

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima linalotahiniwa katika shule za msingi na za upili, darasa limekuwa mwajiri mkuu wa wahitimu wa somo hili. Kwa hiyo mwanafunzi huingia chuoni akiwa na ramani ya njia moja tu: ahitimu, asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu, kisha angoje tangazo la nafasi. Ualimu ni kazi tukufu na hapana haja ya kuubeza. Tatizo ni kwamba wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na anayesubiri mbele ya mlango mmoja hasikii mingine ikifunguliwa.

Na mingine imefunguliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika Kifungu cha 10 ikauweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tangu mwaka 2013, serikali za kaunti zote 47 zinatakiwa kuwashirikisha wananchi katika kujadili miswada na bajeti. Nyaraka hizo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na wahasibu, na sharti awepo mtu wa kuzifafanua kwa lugha inayoeleweka na mchuuzi wa sokoni. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hubeba neno la Kiswahili katika jina lake lenyewe. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilizindua Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi.

Hata hivyo, maazimio haya yote hayamwajiri mtu. Katiba haimwandikii mhitimu barua ya uteuzi, wala UNESCO haimlipi mshahara. Kati ya azimio na mshahara pana mtu aliyeketi nyuma ya meza, na huenda mtu huyo hajawahi kujiuliza ni nani anayeandika ujumbe wa Kiswahili ambao kampuni yake huwatumia wateja. Si rahisi kulipata hema lililotundika bango la kumtafuta mtaalamu wa isimu au fasihi ya Kiswahili. Haja ipo, ila haijapewa jina. Mwanafunzi anayekwenda hemani kutafuta nafasi iliyotangazwa atarudi mikono mitupu. Anayekwenda kuitafuta haja ambayo haijatangazwa huenda akawa wa kwanza kuipa jina.

Kujuana na Kufahamiana

Ncha ya pili ya jibu ndiyo nzito zaidi, kwa maana inatokana na uchungu wa kweli. Ni nadra kumpata kijana nchini ambaye hajasikia kisa cha nafasi iliyotangazwa ilhali mwenyewe alikwisha kupatikana. Upendeleo upo, hongo ipo, na hakuna hema litakaloviondoa. Lakini kuna kosa la kimantiki katika kuliita kila jambo kujuana. Kumpa mpwa wako kazi asiyoiweza ni dhuluma. Kumwambia kijana uliyekutana naye kwamba idara fulani itatangaza nafasi, na kwamba huko hupendelewa anayejua kuhariri, si dhuluma, ni habari. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, na mwombaji aliyepata habari mapema hajauvunja ushindani huo. Amejiandaa tu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala yaliyokuja kusomwa kote duniani. Aliwahoji wataalamu wa kazi mbalimbali huko Newton, karibu na jiji la Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia kwa mtu waliyemfahamu, wasiofika 17 katika kila 100 walisema kwamba mtu huyo walikuwa wakikutana naye mara nyingi. Zaidi ya nusu walikutana naye mara mojamoja, na zaidi ya robo walikutana naye kwa nadra. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kuielewa: ndugu na marafiki wa karibu huishi katika duara moja nawe, hivyo wanayoyajua umekwisha kuyajua. Mtu wa mbali husimama katika duara jingine, na habari zake ni mpya.

Bila shaka Newton ya miaka hiyo si Nakuru wala Kisumu ya leo. Hata hivyo, hoja hiyo inamgusa mwanafunzi wa Kenya mahali panapouma. Mwanafunzi ambaye mjomba wake ni mkurugenzi hana haja kubwa na Siku ya Ajira. Mezani pa chakula nyumbani kwao pana waajiri wa kutosha. Mtoto wa mkulima wa kahawa au wa mvuvi, ambaye ukoo wake wote hauna mtu ofisini, ndiye anayeihitaji siku hiyo. Kwake, hema ni mahali pachache ambapo anaweza kumsimamia mtu wa kampuni au wa wizara na kumsemesha bila kuzuiwa na bawabu langoni. Inasikitisha basi kwamba huyo ndiye anayepita kando, eti kwa sababu hana anayemjua. Atamjuaje mtu asiyemsalimu?

Namna ya Kuingia Hemani

Kuhudhuria kwenyewe hakutoshi. Wapo wanaoingia mahemani kwa vikundi vya watu sita, wakazunguka wakikusanya kalamu, kofia na mifuko yenye nembo, kisha wakarudi bwenini wakiamini kwamba wamehudhuria. Mkono mtupu haulambwi, na mkono huo haujazwi kwa kofia ya benki.

Maandalizi huanza juma moja kabla. Orodha ya waajiri watakaofika huweza kuulizwa mapema katika ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi. Katika orodha hiyo, mwanafunzi achague watatu pekee, kisha achunguze wanavyokitumia Kiswahili: matangazo yao, vijitabu vyao, ujumbe wao wa simu. Mwanafunzi aliyepitia kozi ya tafsiri hahitaji saa nyingi kugundua sentensi iliyotafsiriwa kisisisi hata ikapoteza maana. Naachukue ukurasa mmoja wa kijitabu hicho, autafsiri upya, auchapishe na kuubeba pamoja na tawasifukazi yake. Tawasifukazi zitarundikana mezani siku hiyo. Ukurasa ule utakuwa mmoja tu.

Siku yenyewe ni heri kufika asubuhi, kabla ya wenye mahema kuchoka, na kwenda peke yake. Swali la kwanza lisiwe, "Je, mna kazi?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja, na mazungumzo yakafa. Kwa kawaida anayeketi hemani si mwenye uwezo wa kuajiri. Ni mfanyakazi aliyetumwa, na pengine naye alikuwa mwanafunzi miaka mitano iliyopita. Huyo hana kazi ya kugawa, lakini anazijua njia za ndani. Baada ya salamu, mwanafunzi aweza kusema: "Ninasoma Kiswahili, mwaka wa tatu, na nimejifunza tafsiri. Nimeona kwamba kijitabu chenu kuhusu bima ya mifugo kipo kwa Kiingereza pekee. Katika ofisi yenu, ni nani anayeshughulikia mawasiliano na wafugaji?" Kwa sentensi tatu amejitambulisha, ameonyesha kwamba amefanya utafiti, na ameomba kitu ambacho msikilizaji wake anaweza kukitoa bila kuvunja sheria, yaani jina la ofisi. Baadaye anaweza kuuliza jinsi mwenyeji wake alivyoingia katika kazi hiyo na kama ofisi hiyo huwapokea wanafunzi kwa mafunzo ya nyanjani.

Yapo malalamiko kwamba mazungumzo ya mahemani huendeshwa kwa Kiingereza, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hujihisi mgeni. Dawa yake ni kumfuata mwenyeji kwa lugha anayoipenda, kisha kuchomeka Kiswahili sanifu pale panapostahili. Mfinyanzi aendapo sokoni hubeba chungu. Hakuna aibu kwa mtaalamu wa lugha kuibeba lugha yake.

Baada ya kuondoka hemani, aandike papo hapo jina la aliyezungumza naye na jambo moja aliloambiwa. Katika siku mbili, atume barua pepe fupi ya shukrani inayolitaja jambo hilo na kuambatisha ule ukurasa wa tafsiri. Asiombe kazi katika barua hiyo. Miezi michache baadaye, akimaliza mradi wake wa utafiti au akichapisha shairi gazetini, aandike tena kumjulisha. Haba na haba hujaza kibaba: mfahamiani wa dakika tano huwa mtu anayekumbuka jina pindi nafasi inapotokea. Na asipojibu? Zipo meza mbili nyingine.

Suala la Adabu

Pingamizi moja linastahili heshima yake. Vijana wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba kumwendea mkubwa bila kuitwa ni utovu wa adabu, na kwamba kujisifu ni ulimbukeni. Malezi hayo ni mema. Lakini anayeuliza hajisifu, na Waswahili wenyewe walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Fauka ya hayo, ni wanafunzi wachache chuoni waliofunzwa salamu, uteuzi wa rejista na taratibu za kupokezana zamu katika mazungumzo kama alivyofunzwa mwanafunzi wa isimujamii. Yale aliyoyaandika kwenye mtihani ndiyo yanayohitajika hemani. Ni ajabu kwamba mwanafunzi aliyepata alama ya A katika pragmatiki hushindwa kumsemesha karani wa bima.

Wajibu wa Vyama na Wahadhiri

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mwanafunzi pekee. Ikiwa mahemani hamna wachapishaji, vituo vya redio, idara za tafsiri na ukalimani wala maafisa wa Bunge na mahakama, ni kwa sababu hakuna aliyeomba waalikwe. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina uwezo wa kupeleka orodha hiyo kwa uongozi wa chuo miezi mitatu kabla. Kina uwezo pia wa kuweka daftari la wahitimu wa idara na kazi wanazofanya, na kulirithisha kwa kila kamati mpya badala ya kila kamati kuanza upya.

Halikadhalika, makongamano ya Kiswahili yenyewe ni aina ya Siku ya Ajira isiyotambuliwa. Katika mikutano ya CHAKITA na katika sherehe za 7 Julai huketi wahariri, wakuza mitaala, watafsiri na watangazaji. Wanafunzi hufika kwa wingi, wakapiga picha na waandishi mashuhuri, kisha wakatawanyika. Picha ni kumbukumbu nzuri, lakini swali moja kwa mhariri kuhusu namna miswada inavyopokelewa lingemfaa mwanafunzi kwa miaka mingi zaidi. Wahadhiri nao wanaweza kumshika mwanafunzi mkono katika mapumziko ya chai na kumtambulisha kwa wenzao. Hilo halihitaji bajeti.

Kwa kuhitimisha, haidaiwi hapa kwamba Siku ya Ajira itampa kila mhitimu kazi. Wapo watakaofuata kila hatua iliyotajwa na bado wakangoja. Kinachodaiwa ni kwamba anayepita kando amekwisha kujinyima kabla ya mwingine kumnyima, na kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mahema yatakaposimamishwa tena, mwanafunzi wa Kiswahili aviweke vitabu maktabani kwa saa mbili, abebe ukurasa wake mmoja, aingie na kusalimu.