MAFUA SI SABABU YA KUKIMBIA SINDANO

Ndugu mfanyakazi wa Nyangezi, umeitwa kwa chanjo ya Mpox, nawe unajibu: «Nina mafua, nitakuja juma lijalo.» Je, ugonjwa utakungoja? Aina yake mpya ilionekana mwaka 2023 Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, hapa kwetu Kivu ya Kusini.

Chanjo hiyo hutolewa mara mbili, kwa kawaida siku 28 katikati. Ukichelewesha ya kwanza, na ya pili inachelewa. Pua kutoka maji na kikohozi kidogo havizuii sindano.

Mwili ukiwaka moto, hilo ni neno lingine. Usilale nyumbani! Nenda, umwambie muganga: pengine ni malaria, na ukiwa na vipele, pengine ni Mpox yenyewe. Kuahirisha ni kazi yake, si ya jirani yako.